John Moisant na Paka Wake

Tangu zamani mabaharia wamekuwa wakichukua paka katika vyombo vyao, ili wawaue panya na kuwaliwaza watu safarini. Jambo hilo halimshangazi mtu. Lakini mtu wa kupanda hewani na paka katika eropleni ndogo, siku zile eropleni zilipokuwa bado ni miti, waya na kitambaa, hakuwa mtu wa kuonekana kila mahali. Mtu wa namna hiyo alikuwako, jina lake John Moisant, na hizi ndizo habari zake.

John Bevins Moisant alizaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Illinois, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka Kanada, katika watu wasemao Kifaransa, nao walikuwa na watoto wengi. Watoto hao walipokuwa watu wazima walishirikiana katika kazi. Baadhi yao walihamia El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, wakanunua mashamba ya miwa, wakapata mali. Baadaye wakakosana na serikali ya nchi ile, hata ndugu za John wakatiwa kifungoni. John hakuweza kuvumilia. Mwaka 1907, na tena mwaka 1909, alijaribu pamoja na watu wenye silaha kuiondoa serikali ile, akashindwa mara zote mbili. Katika mambo haya tabia yake yaonekana wazi: moyo wa ushujaa alikuwa nao tele, lakini uangalifu haukulingana na ushujaa wake.

Mwaka ule wa 1909 akaenda Ufaransa. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za kuruka. Tarehe 25 Julai Mfaransa mmoja, Louis Blériot, alikuwa ameivuka kwa eropleni ile bahari nyembamba itenganishayo Ufaransa na Uingereza, naye ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Mwezi wa Agosti kukawa na mashindano makubwa ya eropleni karibu na mji wa Reims. Moisant akaenda kutazama. Alikuwa amekwisha pita miaka 40, umri ambao wengi hawapendi tena kujifunza kazi mpya. Lakini alipoona vyombo vile vikizunguka juu ya vichwa vya watu, moyo wake ukatekwa.

Hakuanza kwa kujifunza, bali kwa kuunda. Akatengeneza eropleni ya aluminiamu, hali wengine walikuwa wakitumia mbao. Mwanzoni mwa mwaka 1910 akaipanda kuijaribu, naye hajapata kufundishwa na mtu namna ya kuiongoza. Eropleni ikapaa ghafula, kisha ikaanguka ikavunjika. Moisant akanusurika. Ndipo alipotambua kwamba chombo hakitoshi bila ujuzi, akaenda katika shule ya Blériot. Hata huko alipata mafunzo machache tu. Halafu akanunua eropleni ya Blériot yenye nafasi ya watu wawili.

Yafaa kujua eropleni ile ilikuwa chombo cha namna gani. Mwili wake ulikuwa wa mbao, umeshikanishwa kwa waya. Mabawa yake yalikuwa ya kitambaa kilichowambwa juu ya mbao. Mbele ilikuwa na injini yenye nguvu za farasi 50. Injini hiyo haikutulia mahali pake kama injini ya motokaa, bali ilizunguka yenyewe pamoja na rafadha, na mafuta ya mbarika yaliyotiwa ndani ili kuilainisha yalirushwa nje, yakawapata waliokaa nyuma yake. Hapakuwa na paa wala kioo. Waliomo walipigwa na upepo na baridi, na ngurumo ya injini iliwaziba masikio. Upepo ukivuma kwa nguvu, chombo kilitikisika kama jani.

Katika chombo hicho Moisant aliazimu kutoka Paris mpaka London. Tena hakutaka kwenda peke yake. Alimchukua fundi wake wa mitambo, Mfaransa jina lake Albert Fileux, na pamoja nao alikuwako paka mdogo aliyeitwa Mademoiselle Fifi. Neno Mademoiselle kwa Kifaransa ni la heshima, ndilo waitwalo wasichana. Basi paka yule alipewa cheo cha mtoto wa watu.

Paka si kama mbwa, ambaye humfuata bwana wake popote. Paka hupenda mahali pake. Hupenda jiko lake, kizingiti chake na jua lake la asubuhi, naye husikia sauti nyingi ambazo mwanadamu hazisikii. Kumtia katika kelele na upepo wa eropleni si jambo dogo. Fileux alikuwa mtu mzima, mwenye akili, aliyeweza kukubali safari au kuikataa. Paka hakuulizwa. Uzima wake wote ulikuwa mikononi mwa bwana wake, na bwana wake mwenyewe alikuwa ameruka mara chache, ambazo angaliweza kuzihesabu kwa vidole.

Hatari ya safari ile ilijulikana na kila mtu. Baada ya Blériot watu wawili wengine walikuwa wamevuka bahari ile, kila mmoja peke yake. Mmoja wao ni Mwingereza Charles Rolls, ambaye jina lake limo hata leo katika motokaa za Rolls-Royce. Mwezi wa Juni mwaka 1910 Rolls alivuka akarudi bila kutua; lakini Julai, yaani mwezi uliofuata, eropleni yake ilivunjika hewani mbele ya watu, akaanguka akafa. Hapana mtu aliyekuwa amevuka bahari ile huku amempakia mwenzake, kwa kuwa uzito ukizidi, injini hulemewa, na injini ikinyamaza juu ya maji hapana mahali pa kutua.

Tarehe 16 Agosti 1910 Moisant aliondoka Paris, akafika mji wa Amiens, akalala huko. Siku ya pili akaenda Calais, mji ulio pwani ya Ufaransa, na kutoka huko akaelekea baharini. Ng'ambo ile ni kama maili 21 mahali palipo pembamba. Upepo ulikuwa mkali. Njiani alitegemea dira yake, maana katika maji hapana mti wala mnara wa kumwonyesha mtu njia. Akaivuka bahari salama, akatua katika shamba karibu na kijiji cha Tilmanstone, jimbo la Kent. Hivyo Albert Fileux akawa msafiri wa kwanza duniani kuvushwa bahari ile kwa eropleni, na Mademoiselle Fifi akawa paka wa kwanza.

Kutoka hapo mpaka London ilibaki sehemu ndogo ya safari, masafa ambayo garimoshi huyakata kwa saa chache. Watu walitazamia kwamba Moisant angefika kesho yake. Asubuhi akaondoka kweli, lakini injini ikaharibika, ikambidi atue. Ikatengenezwa, akaruka tena, akatua vibaya, rafadha ikavunjika. Ikaletwa nyingine. Kisha pepo zikavuma siku nyingi, zikamzuia kuondoka. Alipopata nafasi akaruka, akaenda mwendo mdogo, akaanguka tena na kuiharibu eropleni. Hivyo akawa akisogea kijiji kwa kijiji. Kuivuka bahari kulikuwa kazi ya dakika. Kulivuka jimbo la Kent kukawa kazi ya majuma matatu.

Mtu aliyezoea kusifiwa kwa jambo kubwa huona haya kushindwa na jambo dogo. Moisant angaliweza kuifungasha eropleni yake, akapanda garimoshi na Fileux na paka, wala mtu asingemlaumu, maana bahari alikwisha ivuka. Hakufanya hivyo. Kila mara alikaa na fundi wake wakaunga mbao na kukaza waya, wakangoja upepo utulie. Yule mtu aliyeruka kwanza kabla hajajifunza, sasa alikuwa akijifunza kungoja. Tarehe 6 Septemba 1910 akatua pembeni mwa mji wa London, karibu na Crystal Palace. Alikuwa ameanguka na kuharibikiwa mara kadha wa kadha, lakini rubani, fundi na paka wote walikuwa wazima. Picha zake pamoja na paka yule zilienea magazetini, na nyingine zimehifadhiwa mpaka leo.

Aliporudi Marekani alipokewa kama mtu mashuhuri. Mwezi wa Oktoba mwaka ule kukawa na mashindano makubwa katika uwanja wa Belmont Park, karibu na New York. Shindano moja lilikuwa kuruka kutoka uwanjani mpaka kwenye Sanamu ya Uhuru, kuizunguka na kurudi, masafa ya maili 30 na zaidi, na zawadi yake ilikuwa dola 10,000. Eropleni ya Moisant ikavunjika siku ile ile ya mashindano. Ndugu yake Alfred akafanya haraka kununua nyingine, na John akairusha. Akamshinda Mwingereza Claude Grahame-White kwa sekunde 43 hivi, na watu wakapiga vigelegele. Lakini baadaye waamuzi wa mambo ya kuruka wakaona kwamba Moisant aliondoka uwanjani baada ya saa iliyowekwa. Ushindi ukaondolewa, na zawadi ikapewa mwingine.

Halafu ndugu hao wawili wakakusanya marubani kadhaa, wakaanza kuzunguka katika miji ya kusini ya Marekani ili kuwaonyesha watu namna ya kuruka. Mwisho wa mwaka wakafika New Orleans, mji ulio kando ya mto Mississippi. Huko Moisant alikusudia kushindania Kombe la Michelin, ambalo lingepewa mtu aliyeruka masafa marefu kuliko wote katika mwaka ule. Mwaka ulikuwa umebakiwa na siku moja tu. Kwa ajili ya safari ndefu eropleni yake ilitiwa tangi kubwa la petroli.

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 1910 aliruka kwenda kwenye uwanja wa Harahan, ulio karibu na mji, ambako jaribio lingefanyika. Fileux hakuwamo, wala paka hakuwamo. Alikuwa peke yake. Alipokuwa akishuka, upepo ukaipiga eropleni, ikainama kichwa chini, na wengi walidhani kwamba uzito wa lile tangi uliifanya isiweze kuinuka tena. Marubani wengi wa siku zile hawakujifunga mikanda. Moisant akatupwa nje, akaanguka chini, akafa. Tangu alipoivuka bahari na paka wake ilikuwa haijatimia miezi mitano. Siku ile ile, huko California, rubani mwingine mashuhuri, Arch Hoxsey, naye alianguka akafa.

Msiba huo haukuwazuia wa nyumba yake. Mwaka uliofuata, 1911, dada yake Matilde alijifunza kuruka, akawa mwanamke wa pili katika Marekani kupata cheti cha urubani. Aliacha mwaka 1912, baada ya ajali iliyoiwasha moto eropleni yake, akaishi mpaka mwaka 1964. Mahali alipoangukia John palifanywa mazizi ya ng'ombe yaliyopewa jina la Moisant, na uwanja wa ndege wa New Orleans, uliofunguliwa mwaka 1946, ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2001 uwanja ulipewa jina la mpiga tarumbeta Louis Armstrong, mzaliwa wa mji ule. Lakini katika vibandiko vya mizigo ya wasafiri huandikwa bado herufi MSY, zilizotokana na yale mazizi ya Moisant.

Watu wa siku zile walimsifu Moisant kwa siku ile moja ya bahari. Huenda yale majuma matatu ya Kent yanastahili sifa kubwa zaidi. Alipokuwa na roho mbili katika dhamana yake, ya fundi na ya paka mdogo, alingoja upepo utulie, na wote watatu wakafika. Alipokuwa peke yake, na mwaka ukimkimbiza, hakungoja. Wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka. Atakaye kuwa shujaa na akumbuke kwamba uzima wake mwenyewe nao ni dhamana, wala haupungui thamani kwa kuwa hakuna mwingine aliyepanda pamoja naye.