Nahodha aliyeliwa ramani na mbuzi

Kwenye soka nahodha ana wenzake 10 uwanjani. Joshua Slocum hakuwa na hata mmoja. Mzaliwa huyu wa Nova Scotia, Canada, aliondoka Boston Aprili 1895 na Spray, chombo cha matanga cha mita 11 alichokifufua kwa mikono yake, akaizunguka dunia peke yake. Na kuogelea hajui!

Kasheshe ilimkuta 1898, akirudi kupitia Karibi. Kisiwani St Helena alikuwa amepewa mbuzi, na mbuzi huyo akaitafuna ramani yake ya visiwa vya Karibi. Usiku, karibu na Tobago, Slocum akaona mawimbi meupe mbele, akajua ni mwamba. Akageuza. Akirudi, yapo palepale. Akahangaika hivyo usiku, mbuzi akilaaniwa. Kumbe ni taa ya mnara wa Trinidad, maili 30 kutoka hapo, inamulika maji tu.

Akatia nanga Grenada, Dominica, Antigua. Juni 27 akafika Newport, Marekani, mzima.

Zaidi ya miaka 10 baadaye, mzee wa miaka 60 na ushee, akatweka tena kuelekea Karibi, peke yake. Yeye na Spray hawajaonekana mpaka leo.