Beryl Markham: Mkufunzi wa Farasi Aliyepimwa Uwanjani

Kwa wakazi wengi wa Kinondoni, Temeke na pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, farasi ni mnyama wa kuonekana kwa nadra, pengine pale Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi kinapokuwa kazini. Hali hiyo ina sababu zake. Pwani yenye joto na unyevunyevu ina visubi wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi, na maeneo mengi ya nchi kwa miaka mingi yalitawaliwa na mbung'o, mdudu anayeeneza nagana kwa mifugo. Ndiyo maana mbio za farasi za Afrika Mashariki zilishamiri kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako hewa ni baridi na malisho ni mazuri. Huko ndiko alikopata jina mwanamke aliyeshinda Derby ya Kenya mara sita, Beryl Markham.

Beryl alizaliwa tarehe 26 Oktoba, 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Akiwa mtoto wa takribani miaka minne aliletwa Afrika Mashariki na wazazi wake. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfugaji na mkufunzi wa farasi, na alianzisha shamba katika eneo la Njoro kwenye Bonde la Ufa. Mama yake hakuyazoea maisha hayo. Alirejea Uingereza pamoja na mtoto wao wa kiume, na binti akabaki na baba.

Malezi yake hayakufanana na ya watoto wengine wa walowezi. Siku zake aliziishi zizini na porini. Rafiki yake wa karibu alikuwa mtoto wa Kinandi aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kupita jando alijulikana kwa jina la arap Ruta. Baba wa Kibii, arap Maina, alimfundisha binti huyo kufuata nyayo za wanyama, kunyamaza na kusubiri. Arap Maina alipoteza maisha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Beryl alikua akizungumza Kiswahili na lugha ya majirani zake, na mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba mengi aliyoyajua kuhusu wanyama aliyapata kwao.

Zizi la baba yake lilikuwa shule yake ya pili. Humo alijifunza kwamba farasi hufugwa kwa ratiba isiyoyumba. Tumbo la farasi ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, hivyo hulishwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akishibishwa nafaka kwa mkupuo anaweza kupata msokoto wa tumbo na kufa. Kwato husafishwa kila siku. Kano za miguu hupapaswa kila asubuhi, kwa kuwa joto dogo chini ya vidole ni dalili ya kwanza ya jeraha ambalo jicho bado haliwezi kuliona. Farasi jike anapokaribia kuzaa, mtu hukesha naye.

Baada ya vita, ukame na madeni vilimfilisi Clutterbuck. Shamba la Njoro liliuzwa naye akaondoka kwenda Peru kufundisha farasi. Beryl, ambaye tayari alikuwa ameolewa akiwa na umri mdogo, alichagua kubaki. Akiwa bado binti alipata leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuipata. Alianza na farasi wachache, akisaidiwa na arap Ruta.

Jaribio lake kubwa la kwanza lilifika mwaka 1926 katika mashindano ya St. Leger ya Kenya. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, alikuwa amemwandaa farasi dume aliyeitwa Wrack, aliyetegemewa kushinda. Wiki chache kabla ya mashindano, mmiliki alishawishika kwamba msichana hawezi kuaminiwa kwa kazi hiyo, akamwondoa farasi na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na jike aliyeitwa Wise Child, mwenye mbegu bora na moyo wa mbio, lakini kano zake zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa kukimbizwa mno.

Tatizo lililokuwa mbele yake analifahamu kila mkufunzi. Farasi asipokimbizwa hapati pumzi ya kushindana. Akikimbizwa kupita kiasi, miguu mibovu huvunjika kabla ya siku yenyewe. Beryl alipima kazi ya kila siku kwa kadiri miguu ilivyoruhusu, akaongeza mwendo hatua kwa hatua, na kumpumzisha jike huyo kila dalili ya joto ilipojitokeza. Siku ya mashindano, Wise Child aliendeshwa na mpanda farasi Sonny Bumpus, akamshinda Wrack na wengine wote. Mkufunzi aliyeachwa na farasi mbovu alikuwa amewashinda waliompokonya farasi mzima.

Pamoja na ushindi huo, Beryl aliuacha uwanja wa farasi kwa miaka kadhaa. Alijifunza urubani kwa msaada wa Tom Campbell Black, akapata leseni ya biashara mwaka 1933 na kufanya kazi ya kusafirisha barua, abiria na mizigo, pamoja na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Kitabu chake kinaanza na safari ya usiku kwenda Nungwe, Tanganyika, kusini mwa Ziwa Victoria, kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mchimbaji dhahabu aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 4 Septemba, 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani injini ilikosa mafuta, naye akatua kwa ajali kwenye kinamasi katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua njiani. Kitabu chake, West with the Night, kilichapishwa mwaka 1942.

Alirejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa na umri unaokaribia miaka 50 na bila mali ya kutosha. Katika muongo uliofuata alirudia kazi aliyoifahamu tangu utotoni. Mbio za Nairobi zilihamia uwanja mpya wa Ngong mwaka 1954, na katika miaka michache jina lake likawa tishio kwa wakufunzi wengine. Zizi lake lilikua, na kwa muda lilikuwa Naivasha, kando ya ziwa. Miongoni mwa farasi waliompatia sifa kubwa ni Niagara. Kwa jumla alishinda Derby ya Kenya mara sita na kutambuliwa kuwa mkufunzi bora mara tano.

Idadi ya ushindi, hata hivyo, haitoshi kumpima mkufunzi mwenye zizi kubwa. Mwenye farasi wengi huingiza wengi uwanjani, hivyo nafasi zake za kushinda huwa nyingi pia. Vilevile wamiliki wenye fedha hupeleka farasi bora kwa anayeshinda, naye huendelea kushinda kwa sababu anao walio bora. Kipimo cha haki kinadai mambo mengine: kama mkufunzi anaweza kumwinua farasi aliyekataliwa, kama farasi wake hudumu wakiwa wazima, kama huwafikisha kwenye kilele cha nguvu siku ya shindano kubwa na si wiki mbili kabla, na kama farasi wa arobaini anatazamwa kwa jicho lile lile analotazamwa wa kwanza.

Kwa vipimo viwili kati ya hivyo Beryl anasimama imara. Wise Child ni ushahidi kwamba uwezo wake haukutegemea farasi wa bei kubwa, na Derby sita ni ushahidi wa kujua kulenga siku. Waliomfahamu walimweleza kuwa mkali kwa chakula, usafi na muda, na mwenye kipaji cha kutambua tabia ya kila mnyama.

Upande wa pili nao haufichiki. Alikuwa mtu mgumu kufanya naye kazi, na masuala ya fedha yalimsumbua maisha yake yote. Katikati ya miaka ya 1960 alihamishia shughuli zake Afrika Kusini, lakini huko hakupata tena mafanikio aliyoyazoea. Hali hiyo inaonesha kwamba ustadi wake ulikuwa umefungamana na ardhi, hewa na watu wa nyanda za juu za Kenya kuliko ilivyodhaniwa.

Watu hao ndio sehemu ya hesabu ambayo mara nyingi haikuandikwa. Mbio za farasi zilikuwa mchezo wa walowezi katika ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa wenyeji, na matokeo yaliandikwa kwa majina ya mmiliki, mkufunzi na mpandaji. Saisi aliyeamka kabla ya alfajiri, akachota maji, akapapasa kano na kutoa taarifa ya mguu wenye joto, hakutajwa. Zizi kubwa haliwezi kuendeshwa na macho mawili. Huendeshwa na macho ya masaisi wote. Kwa Beryl, walau jina moja limesalia, la arap Ruta, kwa kuwa yeye mwenyewe alimweka kitabuni.

Baada ya kurejea Kenya, Beryl aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa Ngong. Kitabu chake kilichapishwa upya mwaka 1983 na kumrejeshea umaarufu duniani. Alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986, akiwa na umri wa miaka 83. Dunia humkumbuka zaidi kwa saa zile za mwaka 1936 juu ya bahari, ingawa sehemu kubwa zaidi ya maisha yake aliitumia ardhini, alfajiri, akiwa ameinama kupapasa mguu wa farasi.