Fundi Aliyeipimia Risasi Njia Yake

Ukiingia karakana ya zamani hapa Mombasa, huenda ukaona spana iliyopigwa chapa ya herufi W. Nami nilizishika ujanani pasi na kujua kwamba herufi hiyo yatokana na jina la mtu. Leo napenda nikusimulie habari zake, kwani zina mazingatio.

Joseph Whitworth alizaliwa Stockport, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1803. Alifanya kazi London kwa bingwa Henry Maudslay, kisha mwaka 1833 akafungua karakana yake Manchester. Zama hizo kila fundi alikata hesi za skurubu apendavyo, na nati ya huyu haikuingia katika bolti ya yule. Mwaka 1841 Whitworth akatoa kipimo kimoja cha kufuatwa na wote, hesi zenye pembe ya digrii 55.

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, serikali ilimtaka abuni mitambo ya kuundia bunduki. Yeye akaona haifai kuunda mitambo kabla ya kujua ni kitu gani hasa kiifanyacho bunduki ilenge sawa. Basi akajenga nyumbani kwake ukumbi wa urefu wa yadi 500, akatundika pazia za karatasi nyembamba. Kila risasi ipitapo huacha tundu, naye akaisoma safari yake tundu kwa tundu.

Bunduki ya jeshi, Enfield, ilikuwa na kasiba ya inchi 0.577, na mifuo yake ilizungusha risasi mara moja tu katika inchi 78. Whitworth aliipunguza kasiba hadi inchi 0.45, lakini risasi akaiachia uzito ule ule wa greni 530. Hivyo ikawa nyembamba na ndefu, ikaupasua upepo bila ya kuchoka upesi. Walakini risasi ndefu hupinduka hewani isipozungushwa kwa kasi. Kwa hivyo akaifanya izunguke mara moja kila inchi 20, ndani ya kasiba ya pembe sita, na risasi nayo akaikata pembe sita. Sisi watunzi twalielewa jambo hili: ukibadili mizani ya mshororo mmoja, huna budi kulipima shairi zima upya.

Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha. Bunduki ya Whitworth ilikazwa juu ya kiegemeo cha chuma, na kifyatuo kikafungwa kamba ya hariri. Malkia akaivuta, na risasi ikapiga yadi 400, yapata inchi moja na robo kutoka kitovu. Walengaji wajua sababu ya hadhari ile: kifyatuo kizito huuvuta mkono, na mtutu ukisogea unywele mmoja, huko mbele risasi hukosa kwa dhiraa.

Jeshi la Uingereza halikuichukua kwa askari wote. Ilikuwa ghali, na kasiba yake nyembamba iliziba masizi ya baruti upesi. Walioipenda ni majeshi ya Kusini katika vita vya Marekani. Wengi husadiki kwamba ndiyo iliyomwua Jenerali John Sedgwick, tarehe 9 Mei 1864 huko Spotsylvania, muda mfupi baada ya kuwatania askari wake kwa kuinama, akiamini adui yu mbali mno. Hakika ajali haina kinga.

Whitworth alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887. Tangu mwaka 1868 alikuwa ameweka wakfu mali ya kuwasomesha vijana uhandisi, na wangali wakisomeshwa hadi leo. Mkono ule ule uliozipatanisha bolti na nati duniani ndio uliomfupishia adui masafa. Lipi litazidi katika mizani si juu yangu kuhukumu. Lakini nikiiona spana ile sasa, huishika kwa kufikiri.