Kanumba, Ray na Ubishi wa Bandani

Kwetu Machochwe, kwenye banda la video, sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Tulibishana kati ya Spider-Man na Batman nani mkali, lakini ugomvi wenyewe hasa ulikuwa Kanumba na Ray. Jamani, watu walinuniana wiki nzima! Mimi nilikuwa wa Kanumba, na mpaka leo sijahama.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, 8 Januari 1984. Alikulia kisanii Kaole, kwenye michezo ya runinga, pamoja na huyohuyo Ray, yaani Vincent Kigosi. Wapinzani wetu walisema anajisikia, eti anajiita The Great. Sawa. Ila wakati wengine wanashindania soko la humuhumu Bongo, yeye alicheza na Wanaijeria katika Dar 2 Lagos, 2006, na baadaye na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Mlitaka tuzo gani tena?

Alifariki Sinza, Dar es Salaam, 7 Aprili 2012, ana miaka 28. Maelfu walimsindikiza mpaka Kinondoni. Bandani kwetu waliweka Oprah, ambayo yumo yeye na Ray. Siku hiyo hakuna aliyebisha.