Abebe Bikila na Chupa ya Rangi

Juma lililopita mwanafunzi wangu alizirai karibu na lango la Arboretum, baada ya kukimbia kutoka Kangemi. Alipopata nafuu, alikiri kuwa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Fedha za mlo alizinunulia kinywaji cha wanamichezo, akiamini kwamba maji matupu hayamfai mkimbiaji. Nikamsimulia maisha ya Abebe Bikila.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Akawa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akanolewa na kocha Onni Niskanen kutoka Uswidi. Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, alikimbia marathoni miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, na akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.

Gatorade, kinywaji kilichozaa biashara ya chupa hizi, kilibuniwa mwaka 1965 na Dkt. Robert Cade na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida. Abebe alikuwa tayari na dhahabu mbili.

Shujaa mmoja si utafiti, nakiri. Hata hivyo, wataalamu wanatufunza kuwa afanyaye mazoezi kwa muda wa saa moja hivi hutoshelezwa na maji. Chumvi iliyotoka na jasho hurejeshwa na chakula. Akimbiaye saa nyingi juani ndiye afaidikaye kwa sukari na chumvi. Naye asinywe kupindukia, yawe maji au kinywaji cha chupa, kwani sodiamu ya damu huzimuliwa, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa sababu hiyo.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Lakini najua neno geni linavyoweza kumtisha msomi. Elektroliti alizoziogopa kijana huyu ni chumvi tu zilizoyeyuka, nazo zimo katika mboga aliyojinyima.

Ajali ya gari ya mwaka 1969 ilimpoozesha Abebe miguu, lakini hakuacha michezo: alishindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Walimu wenzangu, tuwakumbushe vijana wetu kwamba mkimbiaji hula kwanza.