Martin Luther Nsibirwa na Ardhi ya Makerere

Panapo majaaliwa, mmoja wenu atavuka Mto Kagera pale Murongo aende kusoma Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Huenda akapangiwa bweni la wanaume liitwalo Nsibirwa. Zamani liliitwa Northcote, jina la Mwingereza. Basi ni vyema amjue huyo Nsibirwa ni nani.

Alikuwa Mganda, Mkristo wa Kianglikana, na hilo lisituzuie kumsoma. Mwaka 1929 akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka wa Buganda. Mwaka 1941 mama yake Kabaka, ambaye alikuwa mjane, alitaka kuolewa tena. Kwetu sisi eda ikiisha mjane huolewa, lakini mila ya Buganda ilimkataza mama wa Kabaka. Nsibirwa aliiunga mkono ndoa ile, watu wakachachamaa, naye akajiuzulu.

Lililomwua ni jambo la ardhi. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye vijana 14. Kufikia miaka ya 1940 ilikuwa ikipokea vijana wa Afrika Mashariki yote; Julius Nyerere alisoma ualimu hapo kati ya 1943 na 1945. Chuo kikataka kupanuka, lakini ardhi nyingi ya Buganda ilikuwa mali ya watu binafsi tangu mkataba wa 1900. Serikali ya Waingereza ikalitaka Lukiiko, baraza la Buganda, lipitishe sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa manufaa ya umma.

Watu walikataa. Wala hofu yao haikuwa ya kijinga, kwani waliona jinsi walowezi walivyotwaa mashamba ya wenyeji Kenya. Katikkiro wa wakati huo, Samuel Wamala, naye alipinga. Baada ya ghasia za Januari 1945 Waingereza walimwondoa na kumhamishia mbali, na Julai Nsibirwa akarudishwa madarakani. Fikirini uzito wa kukalia kiti kile, huku wengi wakimwona kibaraka wa wageni. Naye aliamini kwamba bila ardhi chuo hakitakua, na watoto wa Kiafrika ndio watakaokosa.

Tarehe 4 Septemba 1945 sheria ilipita. Asubuhi ya pili yake Nsibirwa alikwenda kusali katika kanisa kuu la Namirembe, akapigwa risasi mlangoni, akafa.

Makerere ilipata ardhi yake. Mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Aliacha watoto wengi. Mmoja wao, Rhoda Kalema, alikuwa na miaka 16 siku ile baba yake alipouawa. Baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia katika bunge la Uganda.