Mchanga wa Kaiti na Somo la Robert Koch

Wakazi wa Wote hawahitaji kufundishwa thamani ya mchanga. Mto Kaiti ukaukapo, wao huchimba mchangani na kuchota maji. Hata hivyo, maji kuonekana maangavu si hoja kwamba ni salama. Ndiyo sababu naona yafaa walimu na wanafunzi wetu wakumbushwe maisha ya daktari Mjerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal. Baada ya kuhitimu udaktari alifanya kazi katika wilaya ya mashambani, na huko, akitumia hadubini nyumbani kwake, akathibitisha mwaka 1876 kiini cha ugonjwa wa kimeta. Mwaka 1882 alitangaza kiini cha kifua kikuu. Kisha alitumwa Misri na India kuchunguza kipindupindu, na mwaka 1884 akaeleza kwamba kiini chake husafiri majini.

Wako mabingwa waliompinga. Jibu lilipatikana mwaka 1892, kipindupindu kilipozuka Hamburg. Mji huo tajiri ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani, ulichota maji ya mto uo huo, tena upande wa chini, yakiwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg; lakini uliyapitisha polepole katika mchanga. Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000, ilhali Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Koch alieleza kwamba mchanga mtupu hautoshi. Kazi kubwa hufanywa na ukoga unaojitanda juu yake. Ukoga ukivurugwa, au maji yakiharakishwa, viini hupenya. Kwa hiyo alitaka mwendo wa maji usizidi milimita 100 kwa saa, na maji ya kila chujio yapimwe kila siku.

Simsifu Koch kwa kila jambo. Alipokuwa visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye arseniki, na baadhi yao wakapofuka. Aliyetaka maji yapimwe kila siku hakuonyesha hadhari iyo hiyo kwa miili ya Waafrika. Alifariki mwaka 1910, akiwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Tuuchukue ushahidi wake, wala tusipumbazwe na sifa zake.

Ushahidi huo wahusu kila nyumba na kila shule ya Makueni. Chujio la mchanga si ghali, lakini lahitaji subira. Mchanga uoshwe vyema. Maji yabaki juu yake daima ili ukoga usife. Zipite wiki kadhaa kabla ya kulitegemea. Na maji yaliyochujwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Hadi hapo, na wakati wowote wa mkurupuko wa kipindupindu, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Aidha, Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Naamini sheria hiyo ni ulinzi wa afya pia, kwani mchanga unaosombwa kwa malori kwenda kujengea miji ndio unaotuhifadhia maji na ndio unaoweza kuyasafisha. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi chujio moja likifanya kazi shuleni atakuwa amewapa somo la sayansi, na huenda pia akawa ameokoa maisha ya mtoto.